Wadandiaji wa Tangi la Maji ya Chumvi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Anayeanza kufuga samaki na matumbawe katika tangi la maji ya chumvi hununua samaki wawili watatu na mawe machache, akadhani amekwisha kuhesabu kila kilichomo. Wiki chache baadaye, akizima taa na kumulika kwa tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, kwa kuwa wanyama wengi wa usiku hawashtushwi sana na mwanga huo, hukuta minyoo ikijinyoosha kutoka kwenye nyufa, vinyota vidogo vikipanda kioo, na chembe nyeupe zikirukaruka juu ya mchanga. Hao ndio wadandiaji: viumbe waliopanda jiwe au tumbawe bila kualikwa, wakashuka nalo tangini. Tangu nianze kutunza tangi hapa Malindi, nimeulizwa juu yao mara nyingi kuliko juu ya samaki wenyewe, na swali huwa moja: nitawauaje?

Mzizi wa swali hilo ni dhana kwamba jiwe ni jiwe tu, na kwamba kilicho hai juu yake ni uchafu. Si ajabu sisi watu wa mwambao kufikiri hivyo. Wazee wetu wa Lamu na Malindi walijenga kwa mawe ya matumbawe, wakachonga mihrabu kwa tumbawe lililotolewa majini likiwa bado laini, na mengine wakayachoma kupata chokaa. Tumbawe tulilolizoea ni lile lililokauka ukutani. Lakini jiwe lenye uhai lililomo tangini limejaa vinyweleo, na ndani yake wanaishi bakteria ambao ndio wanaolifanya tangi liweze kukaliwa. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu; kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Ndani kabisa ya jiwe, mahali ambapo oksijeni haifiki, bakteria wengine huivunja nitrati ikawa gesi ya nitrojeni na kutoka majini. Tangi jipya huhitaji kwa kawaida wiki nne hadi sita ili kazi hiyo isimame.

Niliyajua haya kwa maneno kabla ya kuyajua kwa macho. Mwaka wangu wa kwanza niliona mnyoo wenye urefu wa kidole, nikaogopa, nikayatoa mawe yote nikayaloweka kwenye ndoo ya maji matamu usiku kucha. Minyoo ilikufa kweli. Walikufa pia sponji wa baharini, kaa wadogo, konokono na sehemu kubwa ya bakteria, na nilipoyarudisha mawe, kila kilichokufa ndani ya vinyweleo kilianza kuoza. Siku ya pili maji yalikuwa na weupe kama ya kuoshea mchele, na siku ya tatu nilitoa samaki wawili waliokufa. Mnyoo niliomwogopa hakuwa amemgusa hata mmoja wao.

Kwa hiyo niruhusiwe kukaa zaidi kwenye minyoo, maana ndiyo inayoonewa kuliko wote. Watu husema: nilimkuta samaki wangu amekufa na minyoo imemzunguka, basi minyoo ndiyo iliyomuua. Ukweli ni kwamba minyoo ya manyoya ya kawaida, ile ya rangi ya waridi au kahawia yenye vishada vya nywele nyeupe pande zote mbili za mwili, hula mizoga na masalio. Huvutwa na harufu ya kilichokwisha kufa au kinachokata roho, na ikimmaliza samaki huyo usiku huohuo, amonia ambayo ingemwagika majini hupungua. Mnyoo huo pia huingia chini ya mawe na kwenye mchanga ambako mkono wa mfugaji haufiki. Ubaya wake ni nywele zake, ambazo hukatika na kubaki kwenye ngozi zikiwasha vibaya. Ukiguswa, bandika utepe wa gundi kisha uubandue, nazo nyingi zitatoka nao. Vaa glavu, yatosha.

Ikiwa minyoo imezidi hata ikaonekana mchana, kilichozidi kwanza ni chakula. Idadi yao hupanda na kushuka kwa kadiri ya mabaki wanayoyapata, kwa hiyo mfugaji apunguze mkono wakati wa kulisha, na baada ya majuma kadhaa watapungua wenyewe. Naiona minyoo hii kama kipimo kilicho hai, tena kisichohitaji kununuliwa.

Hata hivyo, si kila mnyoo ni huo. Wapo wa jamii ya Eunice, wenye vipapasio vitano kichwani, taya zenye nguvu na mwili unaometameta rangi za upinde wa mvua. Spishi moja ya jamii hiyo, Eunice aphroditois, huishi katika bahari zenye joto, Bahari ya Hindi ikiwemo, na yaweza kufikia urefu wa mita 3. Mwaka 2009, katika akwariamu moja ya umma huko Newquay, Uingereza, wafanyakazi waliobomoa mawe ili kujua nani anajeruhi samaki na matumbawe walimkuta mnyoo mkubwa mwenye urefu wa zaidi ya mita moja. Habari kama hiyo husambaa haraka, kisha kila mnyoo mdogo huhukumiwa kwa kosa la mmoja. Tazama kichwa chake kwanza.

Chembe nyeupe zinazorukaruka watu huziita viroboto vya samaki. Nyingi ni kopepodi na amfipodi, jamaa wadogo wa kamba, wanaokula mwani mwembamba na mabaki, na ambao ni chakula cha asili cha farasi wa baharini na samaki wengine wenye vinywa vidogo. Hawamnyonyi samaki damu. Vile viduara vyeupe vilivyojizungusha kama konokono wa milimita mbili kwenye kioo ni nyumba za minyoo midogo inayochuja maji. Vipochi vyeupe vilivyokaa gizani nyuma ya jiwe, ambavyo mgeni mmoja aliniambia kwa uhakika ni mayai ya konokono, ni sponji. Na ule utando mgumu wa zambarau ambao watu huusugua kwa bidii wakidhani ni kutu ya bahari ni mwani unaojijengea chokaa: baharini ndio unaosaidia kuugandisha mwamba, na viluwiluwi vya matumbawe ya aina nyingi hupendelea kutua juu yake.

Vinyota vidogo, jamaa wa kiti cha pweza wasiofikia sentimita mbili, hujigawa vipande na kila kipande kikakua mnyama kamili, ndiyo maana huongezeka ghafla. Wengi hula utando wa mwani. Wachache wameonekana wakila matumbawe laini, na hao waondolewe kwa mkono.

Kwa kaa, dhana ipo pande zote mbili: wapo wanaowaua wote, na wapo wanaowaacha wote. Kaa wenye miguu ya manyoya na ncha nyeusi za magando mara nyingi huja kuwa wala nyama, na si vyema kuwaacha. Lakini kaa wadogo laini wa jamii ya Trapezia, wanaoishi katikati ya matawi ya matumbawe kama Pocillopora, ni walinzi. Humfukuza kiti cha pweza wa miiba anayekula matumbawe, na huondoa mashapo yanayotua juu ya tumbawe. Watafiti waliowaondoa kaa hao huko Moorea, Polinesia ya Ufaransa, waliona matumbawe mengi yakifa ndani ya mwezi mmoja. Anayeishi Malindi hahitaji kuelezwa sana uzito wa mashapo. Wakati wa kaskazi, mkondo husukuma matope ya mto Sabaki kuelekea kusini, na maji ya ghuba yetu hugeuka rangi ya udongo.

Maadui wa kweli ni wachache. Anemoni wa Aiptasia, wa rangi ya kahawia na mwenye vipapasio virefu, huchoma matumbawe na kuenea. Kosa kubwa ni kumkwangua, kwa sababu kipande kidogo kinachobaki huota tena. Baadhi ya kamba wa jamii ya Lysmata humla. Mlio wa kugonga usiku waweza kuwa wa yule mnyama mfano wa kamba anayekunja mikono kama vunjajungu, ambaye ana nguvu ya kuvunja kombe. Huyo atolewe pamoja na jiwe lake.

Imebaki dhana moja ambayo ni yetu wa pwani zaidi ya watu wengine: kwamba kwa kuwa bahari ipo mlangoni, mtu asubiri bamvua, maji yakipwa aende mwambani akajichukulie jiwe lenye viumbe vyote hivi. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu, hairuhusiwi kuchukua hata kombe tupu. Na mwamba wenyewe umekwisha kuumia: joto la bahari la mwaka 1998 liliyapausha na kuyaua matumbawe mengi ya pwani hii, na jiwe linaloonekana tupu leo ndilo ambalo tumbawe changa lingetua kesho.

Mimi hutumia mawe ya saruji iliyochanganywa na mchanga wa chokaa. Huyaloweka kwa majuma kadhaa nikibadilisha maji mpaka ukali wa saruji uishe, kisha huweka katikati yake jiwe moja la ukubwa wa ngumi kutoka tangi lililokomaa la mfugaji mwenye leseni. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo, amfipodi walionekana kabla mwezi haujaisha. Mnyoo wa kwanza niliuona mwezi wa tatu, ukichungulia kutoka kwenye tundu nililolitoboa kwa kidole saruji ilipokuwa mbichi.