Mwanafunzi, Mpangaji na Mtaa Wake: Yanayosemwa Morogoro na Ukweli Wake

Morogoro ina SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, tangu 1984, na ukishika barabara ya Iringa unafika Chuo Kikuu Mzumbe, ambacho mwaka 1953 kilianza kama shule ya kufundisha machifu na watumishi wa serikali za mitaa. Mji wenye historia hiyo ungepaswa kuongoza kwa kujua mtaa unavyoendeshwa. Badala yake, kwenye magheto yanasambaa maneno yanayowafanya vijana wakae kimya mahali ambapo sauti yao inahesabika.

"Mwanafunzi ni mpita njia, mambo ya mtaa hayamhusu." Hili ndilo linaloumiza zaidi. Mkutano mkuu wa mtaa ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na kuendelea. Hakuna anayetakiwa kuonyesha hati ya nyumba wala kueleza kwao ni wapi. Aliyepanga chumba kwa miaka mitatu anaruka mtaro uleule, anasubiri gari la taka lilelile, na ana haki ya kusimama na kudai asomewe mapato na matumizi. Mwenye nyumba wake anayeishi Dar es Salaam ndiye hasa asiyekuwepo. Kwa wanaoishi Mzumbe kuna jambo la kuongeza: huko ni Wilaya ya Mvomero, si Manispaa ya Morogoro, kwa hiyo mkutano wao ni wa kijiji.

"Nina kadi ya mpiga kura, inatosha." Kwa Rais, mbunge na diwani, sawa. Kwa mwenyekiti wa mtaa, hapana. Uchaguzi wa serikali za mitaa una orodha yake, na lazima ujiandikishe upya kwenye mtaa unaoishi. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kura zikapigwa 27 Novemba. Oktoba ni mwezi ambao wanafunzi wengi bado wako kwao au ndiyo kwanza wanashusha mabegi, na siku kumi hupita haraka. Uchaguzi huu hufanyika kila baada ya miaka mitano. Vyama vya wanafunzi vingeanza kuwakumbusha wenzao mapema, si wiki ya mwisho.

"Kero za mtaa mpelekee balozi wa nyumba kumi." Balozi ni kiongozi wa shina, yaani ngazi ya chini kabisa ya chama cha CCM. Anaweza kuwa mzee mwenye busara na jirani mwema, lakini si ofisi ya serikali. Serikali ya mtaa ni mwenyekiti mliyemchagua na kamati yake, pamoja na mtendaji ambaye ni mwajiriwa wa halmashauri. Hao ndio wa kukupa barua ya utambulisho na kusaini fomu yako ya mkopo wa elimu ya juu, na hawapaswi kukuuliza chama chako.

"Barabara mbovu, diwani amelala." Wakati mwingine kweli amelala. Ila tangu 2017 barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, si idara ya ujenzi ya halmashauri, na barabara kuu ni za wakala mwingine, TANROADS. Diwani anaweza kusukuma na kuuliza. Fedha na mkandarasi viko kwingine.

"Mikopo ya halmashauri ni ya wenye chama." Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 vya vijana, 2 vya watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ukinyimwa kwa sababu ya chama umedhulumiwa, na malalamiko hayo yana pa kwenda: ofisi ya maendeleo ya jamii, kisha kwa mkurugenzi.

"Kodi ya jengo inalipwa na mwenye nyumba." Kisheria ni yake. Lakini tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo anayenunua umeme ndiye anayeitoa mfukoni. Mpangaji, tunza zile risiti na udai makato hayo yapunguzwe kwenye kodi ya chumba kabla hujasaini mkataba mwingine.