Dawa ya kusuuzia ya mashine ya kuoshea vyombo: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Ile dawa ya buluu ni sabuni ileile, tunauziwa mara mbili."

Sabuni huingia mwanzoni. Dawa ya kusuuzia hukaa kwenye tangi lake dogo mlangoni, ikatoka katika maji ya mwisho, mililita chache tu. Ndani yake mna maji, asidi ya sitriki kama ile ya ndimu, rangi, kihifadhi kidogo, na safakitanti, ambazo hupunguza mvutano wa uso wa maji. Hapo maji hayasimami matonematone juu ya glasi, hutandaa yakateleza. Tone likikaukia pale lilipo huacha chokaa yake, ndiyo ile duara nyeupe. Watu wa pwani wanaotumia maji ya visima vya mwamba wa matumbawe wanalijua gamba hilo hata kwenye birika la chai.

"Siki inafanya kazi hiyohiyo, tena ni ya asili."

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Siki ya jikoni ni asidi ya asetiki ya asilimia 5 hivi. Inayeyusha chokaa, ni kweli, ila haina safakitanti, basi matone yanabaki. Ukiijaza kwenye tangi la dawa, hukaa humo siku nyingi ikila raba. Na kikombe cha siki kwenye rafu ya juu? Siki yake huchukuliwa na maji ya mwanzo, ikatoka kabla ya suuza ya mwisho.

Mimi siki naiachia kazi ya kupima. Sugua nayo glasi iliyopauka: ukungu ukitoka, ilikuwa chokaa. Usipotoka, kioo chenyewe kimelika, nacho hakirudi. Ila siki na Jik visikutane kabisa, kwani hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Mbadala ninaouamini hauna chupa: mashine ikimaliza, fungua mlango mvuke utoke, kisha futa glasi kwa kitambaa kikavu. Sabuni ya maji usiiweke kwenye tangi hilo, povu litafurika hadi sakafuni.

"Imethibitika kwamba inatoboa utumbo."

Habari hii ina chanzo cha kweli, na haifai kupuuzwa. Watafiti wa Davos na Zurich, Uswisi, walichunguza dawa za mashine kubwa za mahotelini na mikahawani, wakatoa matokeo mwishoni mwa 2022: alkoholi ethoksileti, aina mojawapo ya safakitanti, ziliharibu ukuta wa seli za utumbo. Lakini seli hizo zilikuzwa maabara, hawakupima watu. Tena mashine za biashara huosha kwa dakika moja hivi, na nyingi hukausha vyombo bila kuvisuuza tena, dawa ikabaki juu yake. Ningependa wenye mikahawa waisome habari hiyo kuliko sisi wa nyumbani. Ukiwa na wasiwasi, punguza kipimo kwa kile kidude cha kuzungusha kilicho kwenye tangi, au pitisha vikombe vya watoto kwenye maji safi.

"Hatari iko kwenye dawa, sabuni haina neno."

Kinyume chake. Dawa ya kusuuzia kwa kawaida huwasha macho na ngozi. Sabuni ya mashine ina alkali kali, inaweza kuunguza mdomo na koo. Mtoto akiila, usimtapishe. Msuuze mdomo, mpe maji kidogo anywe, mwahishe hospitali, na pakiti yenyewe uibebe.