Mtungi wa gesi unaekspaya? Maana ya ile tarehe iliyogongwa kwenye chuma

Kuna meseji watu wanarushiana sana, eti angalia mtungi wako ukikuta herufi na namba, tuseme C 27, basi hiyo ndo tarehe ya kuekspaya na ikipita unaishi na bomu jikoni. Sio hivyo jamani. Gesi haichachi kama maziwa, hiyo propani na butani hata ikae miaka mitano ni ileile. Kinachozeeka ni chuma, na tarehe inahusu chuma.

Kwa mitungi inayotumia herufi hizo A ni Januari mpaka Machi, B Aprili mpaka Juni, C Julai mpaka Septemba, D miezi ya mwisho, kwahiyo C 27 maana yake mtungi urudi kupimwa kwenye miezi hiyo ya 2027. Mingine imegongwa tarehe ya kipimo kilichopita, sio kinachofuata, hapo ndo wengi wanachanganya. Kwenye kupima wanaujaza maji wanausukuma kwa presha kubwa kuliko ya kawaida waone kama unavuja au unatanuka, ukifaulu unagongwa tarehe mpya unarudi kazini, ukifeli unaharibiwa kabisa usijazwe tena. Nchi nyingi wanapima kila baada ya miaka 10 hivi, ndo maana mtungi uliotunzwa unafika hata miaka 30. Ila ukipewa wenye kutu imekula kitako au umebonyea vibaya, kataa, hata kama tarehe ni ya jana.

Mimi binafsi naogopa mpira unaopeleka gesi jikoni kuliko mtungi. Ukunje kama upinde uangalie pale kwenye kona, ukiona nyufa ndogondogo kama za kisigino, tupa, na hata usipoziona ukifika miaka mitano badilisha tu. Viungo vipake povu la sabuni, likitoa mapovu yanayokua panavuja. Kiberiti usithubutu!

Ile harufu ya yai viza imewekwa makusudi, gesi yenyewe hainuki, na ni nzito kuliko hewa kwahiyo inatambaa chini sakafuni. Ukiisikia funga mtungi, fungua milango na madirisha, swichi usiguse hata ya kuzima taa, cheche moja inatosha.

Halafu kuna hii tabia ya kuulaza mtungi gesi ikikaribia kuisha. Ndani gesi imekaa kama maji, ukiulaza yanatoka maji badala ya hewa, na yakishatoka yanatanuka kama mara 250, moto unakurukia usoni. Ukitaka kujua imebaki ngapi mwagia ubavuni maji ya uvuguvugu, sio ya moto, kisha pitisha kiganja kutoka juu kushuka chini, panapoanza ubaridi ndo gesi ilipofika.