Kusasisha si kuhama toleo

Kijana mmoja tunayeshirikiana naye kazi za harusi alinipigia simu Alhamisi usiku, sauti imemkauka. "Kaka, mimi nimesasisha kompyuta tu, sasa programu ya kuhariria haifunguki." Nembo yake ilikuwa inarukaruka pale chini ya skrini mara tatu, mara nne, kisha inatulia kimya. Video ilitakiwa ukumbini Jumamosi. Nikamwuliza mfumo endeshi wake, ile programu kuu inayoiendesha kompyuta nzima, ulikuwa namba ngapi asubuhi, na sasa ni namba ngapi. Namba ya mbele ilikuwa imebadilika. Hakusasisha yule. Alihama.

Ni mara ya tatu mwaka huu namsikia mhariri wa video akilibebesha neno "kusasisha" mzigo usio wake, na kila mara kuna kazi ya watu imekwama nyuma yake.

Kusasisha mfumo endeshi ni kubaki katika toleo ulilo nalo na kulipokelea marekebisho: matundu ya usalama yanazibwa, hitilafu ndogo zinaondolewa. Kuhamia toleo jipya ni kuliacha hilo na kuweka jingine mahali pake. Kwenye Mac, kutoka 14.5 kwenda 14.6 ni kusasisha. Kutoka 14 kwenda 15 ni kuhama. Vifurushi ambavyo Windows huvileta kila mwezi ni masasisho. Kutoka Windows 10 kwenda 11 ni kuhama.

Neno lenyewe linajieleza, ukilitazama vizuri. Kiswahili huchukua sifa na kuipa mnyambuliko wa kusababisha: safi ikazaa safisha, sahihi ikazaa sahihisha, imara ikazaa imarisha. Neno "sasa" nalo, ingawa si sifa, likazaa sasisha. Katika ukoo huu wote, kitu kinachotendwa kinabaki kilekile. Sufuria uliyoisafisha ni sufuria ileile, na mfuniko wake bado unaenea. Insha iliyosahihishwa haigeuki kuwa ya mwanafunzi mwingine. Kwa hiyo mtu akisema amesasisha, mimi nasikia kwamba mfumo wake ni uleule na kila kilichokuwa kinaenea bado kinaenea. Ndiyo maana neno hili likikosewa linapotosha: linaahidi usalama ambao haupo.

Kuna na ile "sasa" iliyomo ndani yake. Watu wengi wanaisikia kama amri, kwamba kitone chekundu kikitokea kwenye mipangilio basi ni sasa hivi, kazi iwe imefika wapi. Sasa hiyo inausemea mfumo, kwamba uwe wa leo. Saa ya kubonyeza anaichagua mwenye kompyuta.

Wengine, wakilikimbia kosa hili, husema "kuboresha". Hapo ndipo ninapobisha zaidi. Ubora ni hukumu, na hukumu hutolewa baada ya kuona. Toleo jipya laweza kuwa bora kwa anayeandika barua na likawa hasara kwa anayehariri video, kwa sababu mhariri hatumii mfumo peke yake. Anatumia programu, plagini (vijiprogramu vya nyongeza) za rangi na sauti, kodeki za kufungasha na kufungua video, draiva inayounganisha kadi ya picha na mfumo, na diski za nje, na kila kimoja kina mtengenezaji wake na ratiba yake. Mfumo ukitangulia, hivyo vingine vinaweza kubaki nyuma kwa wiki au miezi.

Neno ninalolikubali ni toleo, na tumelirithi kwa wachapaji wa vitabu. Wao hutofautisha chapa na toleo. Chapa ya pili ni kitabu kilekile kimepigwa tena, pengine herufi mbili tatu zimerekebishwa. Toleo la pili ni kitabu kilichoandikwa upya: sura zimehama, kurasa zimesogea. Aliyewahi kukaa darasani na toleo la zamani anajua. Mwalimu anasema fungueni ukurasa wa 45, wenzako wanaona zoezi, wewe unaona picha ya ng'ombe. Plagini iliyoandikwa kwa ajili ya mfumo wa jana hukutwa na jambo hilohilo ikiamkia kwenye mfumo mpya.

Mfano mkubwa ni wa Oktoba 2019, Apple ilipotoa macOS Catalina, toleo jipya la mfumo wa Mac. Toleo hilo liliacha kabisa kuendesha programu za muundo wa zamani wa biti 32. Pamoja nazo ziliondoka kodeki za zamani zilizoitegemea QuickTime 7, programu ya video ya Apple yenyewe, kwa hiyo kuna faili za video ambazo mtu alipaswa kuzigeuza kabla ya kuhama. Aliyebaki Mojave, toleo lililotangulia, akaendelea kupokea masasisho ya usalama alifanya kazi zake bila shida. Hili ndilo watu hawaamini nikiwaambia: unaweza kuwa kwenye toleo la zamani na bado umesasisha kikamilifu.

Basi ni lini mhariri ahame? Ziko sababu za kweli. Moja ni toleo lako kuacha kupewa masasisho, kama Windows 10 ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Hata hapo Windows 11 inataka TPM 2.0, yaani chipu ya usalama, na prosesa ya karibuni, kwa hiyo kwa mashine nyingi za studio kuhama ni kununua nyingine. Nyingine ni programu yako ya kuhariria kudai mfumo mpya zaidi kwa kitu unachokihitaji kweli, si kwa kuwa kimetangazwa. Na hata ukiwa na sababu, hama ukiwa umekabidhi kazi zote, nakala zipo kwenye diski ya nje, na watengenezaji wa plagini zako wamekwisha kusema zinafanya kazi. Katikati ya mradi, usihame, maana mfumo mpya waweza kukulazimisha uweke na toleo jipya la programu. Mradi ukishafunguliwa na toleo jipya la programu mara nyingi hugeuzwa, na programu ya zamani haiwezi tena kuufungua.

Kilichomwokoa kijana wetu ni kwamba programu iligoma kabisa, ikashindwa hata kuugusa mradi. Tukauchukua na diski yake mpaka kwenye mashine yangu, ambayo mfumo wake bado ulikuwa toleo la nyuma, ukafunguka.

Kwa hiyo ndugu yangu, ukimpigia mtu usiku kama ule, usimwambie umesasisha. Mwambie umehamia toleo jipya, umtajie ulikotoka na ulikofika. Ukisema umesasisha atakuambia uzime na kuwasha, na saa nzima itapita kabla hajauliza habari za plagini.