Mkoba wa ukili hausukwi kwa mnazi

Wageni, na hata baadhi ya vijana wa mjini Unguja, hudhani mkoba wa ukili hutokana na mnazi. Sivyo. Mnazi hutupa makuti ya kuezekea na pakacha la samaki. Jani lake likikauka hukatika. Mkoba mzuri ni wa ukindu, yaani jani la mkindu, mti wa jamii ya mtende. Hukatwa yale machanga yasiyofunguka bado, huanikwa juani mpaka yaive weupe, kisha huchanwa chane nyembamba. Za rangi huchemshwa na rangi yenyewe. Ukili basi si mmea: ni utepe uliosukwa, unaozungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo kuanzia kitakoni. Chane kavu mno huvunjika mkononi, hivyo hunyunyizwa maji kidogo. Yakizidi, mkoba huota ukungu.