Docker si Sandboksi: Dhana Potofu Kuhusu Kuendesha Msimbo wa Watu Usiowajua

Nikiwauliza wateja wanajikingaje wanapoendesha msimbo wa watu wasiowajua, jibu ni lile lile: "Tunauendesha ndani ya Docker, haina shida." Docker ni programu inayoendesha programu nyingine ndani ya visanduku viitwavyo makontena. Shule inayosahihisha kazi za wanafunzi kwa mashine inasema hivyo, kampuni inayopima waombaji kazi inasema hivyo, na mwombaji kazi aliyetumiwa repo (folda la msimbo wa mradi) na mtu asiyemjua anasema hivyo hivyo. Nimelisikia mno, na bado linanitia wasiwasi, maana anayelitoa huwa ameshafunga mjadala kabla hajakagua chochote.

"Kontena ni sandboksi."

Hapana. Sandboksi ni chumba kilichofungwa ambacho programu iliyomo haiwezi kugusa cha nje. Kontena ni mchakato wa kawaida wa Linux uliopunguziwa mambo ya kuona na rasilimali za kutumia, basi. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ni ile ile ya seva yako. Ni kama nyumba ya kupanga isiyo na dari: kila mpangaji ana mlango na kufuli lake, lakini anayeweza kupanda ukuta atashukia chumba cha jirani. Dirty COW ya mwaka 2016 na Dirty Pipe ya 2022 zilikuwa hitilafu za kerneli zilizomwezesha mtumiaji wa kawaida kubadilisha faili alizoruhusiwa kusoma tu. Kerneli ikiwa na tundu, kila kontena linaloitegemea lina tundu hilo. Hata runc, programu inayowasha makontena kwa niaba ya Docker, ilikutwa na udhaifu Februari 2019 (CVE-2019-5736) ulioliwezesha kontena kuiandika upya runc yenyewe kwenye seva, na mwingine Januari 2024 (CVE-2024-21626). Viraka vilitoka mara zote mbili, ila vinamlinda yule tu aliyesasisha.

Hata hivyo, kerneli siyo inayoniudhi zaidi. Wengi hawana haja ya kutobolewa, wamefungua wenyewe. Amri za namna hii, za kuendesha testi (majaribio ya msimbo), nazikuta kila mara:

`docker run -v $HOME:/kazi -v /var/run/docker.sock:/var/run/docker.sock majaribio npm test`

Itazame taratibu. Kipande cha kwanza (`-v $HOME:/kazi`) kimeliingiza folda lako lote la nyumbani ndani ya kontena: funguo za `.ssh`, vitambulisho vya `.aws`, tokeni ya `.npmrc`, hata data ya kivinjari. Msimbo usiouamini hauhitaji ujanja wowote kuvisoma, kwa sababu umeupa wewe. Kipande cha pili ni kibaya zaidi. Anayeweza kuongea na soketi ya Docker (`docker.sock`, njia ya kuipa Docker amri) anaweza kuiamuru iwashe kontena jingine lililounganishwa na diski nzima ya seva, na Docker itatii kwa mamlaka ya root, mtumiaji mwenye ruhusa zote. Hapo hakuna hitilafu ya kuripoti wala kiraka cha kusubiri. Umetoa ruhusa.

Ongeza na mambo ambayo watu hawayagusi kabisa. Kwa chaguo-msingi, root wa ndani ya kontena ni root yule yule wa nje, mpaka uwashe utenganisho wa watumiaji au uendeshe Docker isiyo na root. Mtandao nao uko wazi, kwa hiyo testi inaweza kutuma chochote popote. Na ikiwa seva iko kwenye wingu, inaweza kujaribu anwani ya 169.254.169.254 kuomba vitambulisho vya muda vya seva hiyo.

Ninachowaambia wateja ni hiki. Kama ni lazima utumie kontena peke yake, liendeshe kwa `--network none --cap-drop ALL --security-opt no-new-privileges --read-only --pids-limit 100 --memory 512m`, kwa mtumiaji asiye root, na uliingizie folda la mradi peke yake. Lakini kama kazi yako ni kupokea msimbo wa wageni kila siku, weka kerneli nyingine katikati. gVisor ya Google hupokea wito wa mfumo (maombi ya programu kwa kerneli) na kuushughulikia yenyewe badala ya kuupeleka moja kwa moja kwa kerneli ya seva. Firecracker ya Amazon huwasha mashine pepe ndogo (kompyuta ya kuigiza yenye kerneli yake) kwa sehemu ya sekunde, kila testi na yake, kisha unaitupa. Zote mbili zimekuwa wazi kwa umma tangu 2018. Sioni sababu ya kuendelea kubahatisha.

"Sijaiendesha, nimeinstall tu."

Kuinstall ni kuendesha. `npm install`, amri ya kusakinisha vifurushi vya Node.js (mfumo wa kuendesha JavaScript nje ya kivinjari), inaweza kuwasha skripti za vifurushi bila kukuuliza, na `setup.py`, faili la kusakinishia kifurushi cha Python, ni programu ya Python kamili. Hata `pytest --collect-only` ya chombo cha testi za Python, ambayo watu huiona kama kuorodhesha tu, huipakia `conftest.py` na kutekeleza kila kilichomo. Novemba 2023 watafiti wa Unit 42 ya Palo Alto Networks walieleza kampeni waliyoiita Contagious Interview, wakiihusisha na Korea Kaskazini: mtu anajifanya mwajiri, anampa mwombaji mradi wa Node.js aufanyie kazi, na ndani yake imo programu hasidi ya BeaverTail, inayowinda pochi za sarafu za kidijitali kisha kuleta mlango wa nyuma wa InvisibleFerret. Vijana wetu wanaotafuta kazi za mbali ndio hasa wanaolengwa na mtego wa aina hii. Tafadhali, mwambie kila unayemjua.

"Nimeusoma msimbo wote."

Umesoma na `node_modules`, folda la vifurushi vilivyosakinishwa? Na mistari iliyosukumwa kulia kwa nafasi mia kadhaa isionekane kwenye skrini?

"Ninauzuia ndani ya lugha yenyewe."

Nyaraka za Node.js zinasema wazi kwamba moduli ya `vm` si kinga ya usalama. Maktaba ya vm2 ilijaribu kuziba pengo hilo, ikakwepwa tena na tena, na mwaka 2023 mtunzaji wake akatangaza kuiacha. Kwenye Python, `eval` (inayoendesha maandishi kama msimbo) uliyoiondolea `__builtins__`, yaani vitendakazi vya msingi, inazungukwa kwa kupitia `().__class__`. Achana nayo.

"Mashine pepe haivunjwi."

Hitilafu ya VENOM ya mwaka 2015 ilipitia kiendeshi cha diski laini ndani ya QEMU, programu ya kuendesha mashine pepe. Bado mashine pepe ni ukuta mzuri, ila zima folda za pamoja na ubao wa kunakili, na usiingie kwenye akaunti yako yoyote humo.

"Nikifuta kontena, yameisha."

Kilichotumwa nje hakirudi. Mwaka 2021 skripti ya Codecov (huduma ya kupima testi zinagusa msimbo kiasi gani) iliyochezewa ilikuwa ikisomba vigezo vya mazingira (ambamo siri kama tokeni huwekwa) kutoka kwenye mifumo ya testi ya wateja kwa takriban miezi miwili kabla ya kugunduliwa. Ukiwa umeshaendesha kitu unachokishuku bila kinga, chukua kompyuta nyingine, batilisha tokeni na funguo zote zilizokuwa kwenye ile ya kwanza, hamishia sarafu zako kwenye pochi mpya, ndipo ufute mashine na kuweka mfumo upya.