Mwenye Kisukari Akidungwa Dawa ya Usingizi: Maswali Kabla ya Thieta

Mamangu ana kisukari na wiki ijayo anafanyiwa upasuaji wa nyongo hapa Nairobi. Jirani zetu Kayole wanasema dawa ya usingizi inayodungwa kwenye mshipa hupandisha sukari. Ni kweli?

Kidogo tu. Kinachopandisha zaidi ni kisu. Mwili ukikatwa humwaga homoni za adrenalini na kortisoli, ini likafungulia glukosi iliyowekwa akiba, na insulini ikapungua nguvu. Hata asiye na kisukari sukari yake hupanda, ila mwili wake huirudisha chini wenyewe.

Basi dawa zote ni sawa?

La. Propofoli, ile nyeupe kama maziwa, huwatia watu wasiwasi bure: weupe wake ni mafuta ya soya, si sukari, nayo hutuliza kiasi ile taharuki ya mwili. Ketamini huchochea adrenalini, kwa hiyo sukari inaweza kupanda. Etomideti huzuia tezi za adreni kutengeneza kortisoli. Utadhani hiyo ndiyo bora kwa mamako, lakini mgonjwa anaihitaji kortisoli hiyo ili ahimili upasuaji, kwa hiyo haichaguliwi kwa ajili ya sukari. Halafu kuna deksamethasoni, inayotolewa kuzuia kichefuchefu. Hiyo hupandisha sukari hadi kesho yake, na lawama zote zikaiangukia dawa ya usingizi!

Wewe unahofia nini zaidi?

Sukari kushuka. Mamako akiwa macho, ikiteremka chini ya milimoli 4 kwa lita atatetemeka, atatoka jasho, ataomba chai. Aliyelala haombi kitu. Ndiyo maana hupimwa mara kwa mara akiwa thieta, wengi wakilenga milimoli 6 hadi 10 kwa lita.

Asubuhi hiyo ameze dawa zake?

Asijiamulie; aende kliniki ya dawa ya usingizi mapema akiwa na dawa zote kwenye mfuko. Glibenklamidi, kidonge cha kisukari, kwa kawaida huachwa asubuhi hiyo, maana hushusha sukari hata tumbo likiwa tupu. Empagliflozini na dapagliflozini, vidonge vingine vya kisukari, husimamishwa siku 3 kabla, kwa sababu zinaweza kuijaza damu tindikali huku mashine ya kupimia sukari ikionyesha sukari nzuri. Insulini ya muda mrefu mara nyingi hupunguzwa tu, haikatwi. Mwombe pia daktari amweke wa kwanza kwenye orodha ya siku hiyo, asikae na njaa hadi alasiri.

Na chai?

Chai ya maziwa ihesabuni kama chakula: mwisho ni muda wa saa 6 kabla ya kupewa dawa ya usingizi. Maji matupu kwa kawaida huruhusiwa hadi muda wa saa 2 kabla. Sukari ikimshuka mkiwa mmekwama kwenye foleni ya Jogoo Road, msingoje mfike. Mpeni glukosi iliyokorogwa kwenye maji, si maziwa wala mandazi, kisha mkifika mwambieni daktari wa usingizi amekunywa nini, kiasi gani na saa ngapi.